Nilikula Nyama ya Ukoo Wenu

New Brighton, Gqeberha
Jumatano jioni

Mpendwa Zoleka,

Nakusalimu, mwenzangu, na kukujulia hali huko Bloemfontein. Baridi imewafanyaje mwaka huu? Na yule bibi wa wodini anayekuita Martha, bado hajachoka? Naomba kifua chako kiwe kimepona, na uwe unakula chakula cha mtu mzima, maana nakujua wewe, ukipangiwa zamu mfululizo unaishi kwa chai na biskuti. Huku nyumbani wote wazima. Mama yangu mzima, baba yangu mzima, bado anagombana na jirani juu ya mbwa. Baba yako nilimwona jana anatoka kwenye mkutano wa kanisa, kavaa lile koti lake la kijivu. Alinipungia mkono toka ng'ambo ya barabara, nami nikainamia mkoba wangu nikajifanya natafuta ufunguo. Mzee wa watu akasimama kidogo kunisubiri, halafu akaenda zake.

Mimi mwenyewe ni mzima wa mwili.

Simu zako nimeziona, zote. Ukipiga, naigeuza simu kifudifudi mezani, nasikiliza inavyotetemeka mpaka inyamaze. Usidhani nimekukasirikia. Naona aibu, Zoleka, aibu ya kumfanya mtu asitake kusikia sauti ya rafiki yake. Nimeona niandike, kwa sababu kwenye barua huwezi kunikatiza, na usiponikatiza pengine nitafika mwisho. Mama Nokwanda anapanda basi la kuja huko Ijumaa, atakuletea kwa mkono wake. Usiifungue mbele yake.

Unamkumbuka Monde, fundi wa friji, yule niliyekuambia ana sauti ya kusoma Biblia hata akiomba chumvi. Umeniuliza mara ngapi ni mtu wa ukoo gani, na mara zote nilikukwepa. Mara kuna mtu anagonga mlango, mara chaji imeisha. Ukadhani ni ukoo wa watu wenye visa, ukanicheka. Laiti ingekuwa hivyo.

Siku tuliyokutana ilikuwa inanyesha. Yeye alikuwa anatengeneza friji la bucha iliyo jirani na duka letu la sare, akaja kwetu kujikinga na mvua. Tukaongea. Alinichekesha mpaka bosi akatoka ofisini kuchungulia. Ndipo, kama ilivyo adabu, nikamuuliza yeye ni mtoto wa akina nani, akajibu kwamba ni Radebe, mtu wa Bhungane. Hapo hapo nilitakiwa niseme ala, kumbe kaka yangu, mimi pia Radebe, tushikane mikono, mambo yaishe. Unajua wewe, najua mimi, na mtoto wa chekechea kwetu anajua: Radebe na Radebe ni tumbo moja, hata kama mmoja katoka Matatiele na mwingine katoka mwezini. Hawaoani. Hata kutazamana vile tulivyokuwa tunatazamana hawatakiwi. Basi akaniuliza na mimi. Nilifungua mdomo kusema ukweli, nao mdomo ukasema MamTolo, binti wa Tolo. Ni jina la ukoo wenu ndilo lililokuwa karibu, Zoleka, nakuita hivyo kila siku ya Mungu tangu darasa la tatu. Likanitoka kama chafya. Akatabasamu akasema vizuri sana, nami nikajiambia nitarekebisha kesho.

Sikurekebisha. Mwaka mzima na zaidi mwanaume yule ameniita MamTolo, kwenye simu, barabarani, mbele ya marafiki zake, na mimi naitika. Ilibidi nimfiche nyumbani, maana baba yangu akikohoa tu mlangoni mtu anamsalimu kwa sifa ya ukoo, Bhungane. Na wewe ilibidi nikufiche pia. Nimekuwa mwizi wa ukoo wenu, mwizi wa mchana kweupe, huku nakuja kwenu Jumapili nakula pudingi ya mama yako.

Sasa huyu Monde anapenda kutembea. Watu wengine wikendi wanaangalia mpira, yeye anataka kujua ukuta huu ulijengwa na nani na kilima kile walipigana akina nani. Tangu mwezi wa saba amekuwa akiniimbia habari za mji wa Rhini. Akanunua mabegi mawili makubwa ya mgongoni, langu jekundu, akasema twende Ijumaa turudi Jumapili, tulale kwa watu, tupande vilima kwa miguu yetu. Akasema pia kuna jambo anataka tulizungumze huko, na nilijua ni jambo gani. Ndugu zake walikuwa wameanza kumuuliza waende wapi kuposa. Nikakubali. Niliapa moyoni kwamba nitamwambia ukweli hukohuko, mahali ambapo hakuna anayenijua, tukiwa wawili tu, na kama ni kunipiga teke la kuniangusha mlimani basi aniangushe.

Rhini ni ileile, punda ndio wenye barabara. Tuliteremka mjini chini karibu na kanisa kubwa, tukaupanda mlima kuelekea mtaa wa Fingo tukiwa na mizigo mgongoni, jua la mchana linatukaanga. Mabomba yalikuwa yamekauka kama kawaida yao, akina mama wamejipanga na ndoo kwenye tangi. Walipotuona waliacha hata kugombania foleni. Mmoja akatuuliza kwa sauti tumefukuzwa wapi. Mwingine akamjibu kwamba waache, hao wamejifanya Wazungu, subiri wafike kona ya juu ulimi utakuwa nje. Monde akawaambia yeye ni kobe, anatembea na nyumba yake, na huyu nyuma ndiye mwenye nyumba. Walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Nilimpenda sana wakati ule, Zoleka. Nakuambia kwa sababu sitakuwa na pa kulisemea tena.

Nyumba tuliyopangiwa chumba ni ya mama mmoja mfupi, mnene, kavaa kofia ya kiume, mikono imejaa unga mpaka viwikoni. Hata maji hakutupa kwanza. Alituuliza sisi ni akina nani. Monde akajitaja, akapokelewa kwa Bhungane na shangwe za kawaida. Halafu mama akanigeukia mimi. Nilikuwa nimeshavuta pumzi. Nakuapia nilikuwa nimeshavuta pumzi, sijui ningesema nini, lakini Monde akanitangulia. Akaniwekea mkono begani akasema kwa majivuno kwamba huyu ni MamTolo.

Yule mama aliliachia sinia likaanguka. Kumbe naye ni MamTolo. Nyumba ile ni ya baba yake, yeye alirudi hapo baada ya kufiwa na mumewe, anaishi na kaka yake, mzee aitwaye Tata Sindile. Alinikumbatia na unga wake wote, akanipaka shingo, nywele, begi. Akamwita kaka yake kwa kelele za mtu aliyeona moto. Akasema, "Dlangamandla!" akanitazama, ananisubiri niendelee. Na mimi nikaendelea. Mchenge, Mabhanekazi, nikayataja majina yote ya sifa za ukoo kama nilivyomsikia shangazi yako akiyapigia kelele siku ya mahafali yako. Tata Sindile alikuwa amesimama mlangoni na miwani mkononi. Akafuta macho.

Hapo hapo mambo yakabadilika. Pesa ya chumba ikakataliwa, mtoto wa nyumbani halipi. Mama akamwambia Monde bila kupepesa kwamba binti huyu ana kwao, kwa hiyo bwana Radebe atalala chumba cha nyuma pamoja na majembe, na akisikia mlango unalia usiku atajua si paka. Monde akaitika ndiyo mama, ndiyo mama, huku anajizuia kucheka.

Kisha nikaambiwa kwa nini walifurahi vile. Kesho yake, Jumamosi, walikuwa wanamchinjia mbuzi mjukuu wa Tata Sindile, mtoto wa kike aitwaye Lilitha, wamtambulishe kwa mababu. Ameshafika umri wa kwenda shule na hajawahi kufanyiwa, na tangu mwaka uanze anaumwaumwa, anashtuka usingizini, hakui. Kila kitu kilikuwa tayari, ila kati ya mabinti wa ukoo walio mashangazi wa mtoto hata mmoja hakuja, na MamTolo mwenyewe kwake ni bibi. Mmoja yuko Cape Town, simu haipatikani. Wawili wako Johannesburg, wanasema kazi. Mzee alikuwa amekaa na uchungu kwamba mtoto ataonyeshwa kwa mababu bila shangazi wa kumshika mkono. Na tazama, akasema, shangazi amekuja kwa miguu, mzigo mgongoni, bila kuitwa. Akasema mababu ndio walioniita.

Ningeweza kusema naumwa tumbo. Ningeweza kumvuta Monde uani nikamwambia tuondoke. Nilichofanya ni kunywa maziwa mgando bakuli zima na kusema asante.

Asubuhi wake wa mji ule walinipokea jikoni kama wake wanavyompokea wifi. Mmoja akasema tafadhalini wenzangu tukae sawa, wifi amekuja kutukagua. Mwingine akanionyesha sufuria la kande, akaniuliza kama chumvi imetosha au niwarudishe kwao. Nikawaambia nitawapa muda wa kujirekebisha, wakavunjika mbavu. Unaniona? Nilikuwa najua kucheza. Kule nje Monde alikuwa anapasulishwa kuni, wazee wamemzunguka kwenye viti wanamsimamia. Gogo likimshinda wanauliza kwa masikitiko, huyu ataoa kweli huyu, au tumrudishie mama yake. Alitumwa maji mpaka chemchemi ya barabarani, akarudi na madumu mawili, wakasema moja linavuja. Halikuwa linavuja. Alikuwa anachekelea tu, shati limelowa jasho, kila akinipita ananikonyeza. Alijiona ameshafika kwa wakwe.

Mbuzi alipochomwa kisu alilia vizuri, na ua zima likaitikia "Camagu!" kwa sauti moja, kina mama wakapiga vigelegele, maana mababu wamesikia. Nilimshika Lilitha mkono. Mkono mdogo, baridi, wenye kucha zilizotafunwa. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama mbuzi ameshaenda kwao. Nikamwambia ndiyo.

Ile nyama unaijua. Ile ya mguu wa mbele wa kulia, inayochomwa peke yake bila chumvi, anaanza kuionja mtoto, kisha walio damu ya ukoo, na mwingine haruhusiwi. Wake wa mji ule, waliokesha wanapika, walisogea pembeni na vitambaa vyao, mmoja ameolewa hapo zaidi ya miaka ishirini na hajawahi kuilamba. Lilitha akaonja. Tata Sindile akaonja, na MamTolo, na wazee. Halafu nikaitwa. Nilikinga viganja viwili, nikapiga goti, kipande kikawekwa, cha moto, kimeungua pembeni. Nilimwona Monde kule langoni kati ya wageni, amevua kofia. Alinitazama kwa heshima, Zoleka. Kwa heshima!

Nikala. Nilikula nyama ya babu zako, mbele ya zizi la watu waliokuwa wanalia kwa furaha, nikatafuna, nikameza.

Nilidhani hapo ndio mwisho wa aibu. Tata Sindile akasimama kwenye lango la zizi kuongea na mababu. Akawataja mmoja mmoja, akawashukuru kwa mvua, akawasema kidogo kuhusu mabomba. Kisha akasema kwamba kwa kuwa wamemleta binti huyu kutoka mbali siku ya leo, mtoto ataongezewa jina langu, ataitwa pia Phumeza. Watu wakaitikia Camagu. MamTolo akanipiga mgongoni, na mtoto akaniangalia toka chini na macho makubwa, kama mtu aliyepewa gauni na anasubiri kuambiwa kama limemkaa.

Niliketi chini palepale. Walidhani ni furaha, wakaniletea kiti.

Jioni, pombe ya mtama ilipozunguka, mzee alitaka namba ya simu ya baba yangu, yaani baba yako, kwa kuwa nilikuwa nimemtaja yeye, amshukuru kwa malezi. Nikasema baba hana simu. Yaani nimemnyang'anya baba yako hata simu yake. Mzee akasema haidhuru, na akamuuliza Monde watu wake wanakuja lini kuposa. Monde akajibu Desemba, Mungu akipenda. Tata Sindile akapiga goti lake kofi, akasema basi na yeye atashuka New Brighton mwezi huohuo, akae na Tolo mwenzake, wawapokee akina Radebe pamoja, hawezi kuacha mwana wao aposwe na mzee mmoja tu ndani ya nyumba. Hiyo ndiyo habari ya baba yako, mwenzangu. Kuna mtu mzima, mwenye moyo mweupe, anajiandaa kuja kwenu Desemba kunioza mimi.

Jumapili asubuhi tuliaga. MamTolo alinifungia mkate mzima wa mvuke kwenye kitambaa. Lilitha alitukimbilia mpaka kona anaita shangazi, shangazi, na mama yake kule nyuma anasema mnaona anavyokimbia, jana asingeweza. Sikugeuka. Monde aligeuka kwa niaba yangu akampungia.

Kabla ya kushuka mjini alitaka tupande kwanza mlima wa Makana. Tukapanda. Akaanza kunionyesha, pale ndipo walipoteremkia watu wa Makhanda, huyohuyo Makana, kuwavamia Waingereza, pale mizinga ilikuwa imekaa, na alikuwa anarudia maneno yaleyale, maana si vita alivyotaka kuzungumzia. Akasema sasa tukae, kuna jambo. Nikamwambia asikae. Nikamwambia asiseme, kwa sababu akishasema mimi sitaweza. Nikamwambia mimi si MamTolo. Baba yangu ni Radebe, babu yangu ni Radebe, mimi ni wa Bhungane kama yeye, na MamTolo ni rafiki yangu aliyeko Bloemfontein ambaye hajui lolote.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikwenda kukaa juu ya jiwe, begi bado mgongoni, akanipa kisogo. Punda wakapita. Halafu akaniuliza kitu kimoja tu, kama nililijua hilo siku ile ya mvua, kabla hatujashikana mikono. Nikasema ndiyo. Akasema mimi nilikuuliza, Phumeza. Nilikuuliza kama mtu anavyotakiwa kuuliza. Ungeniambia, tungecheka, tungekunywa chai, ningerudi nyumbani nikawaambia nimepata dada mchekeshaji huko mjini. Sasa umenifanya nini? Akarudia, umenifanya nini, nikalala na nani?

Nililia, akaniambia ninyamaze, si kwa ukali, alisema tu kwamba kilio changu kinamfanya atake kunibembeleza na hajui kama inaruhusiwa. Nikamuuliza kama atarudi kuwaambia akina MamTolo. Akakataa. Akasema alichokifanya yeye pale ni kupasua kuni, uongo si wake, mdomo uliokula ndio utakaorudi kusema.

Kwa hiyo, Zoleka, nakuambia nitakachofanya, halafu nimalizie na ya kituoni, maana ndiyo inayoniuma zaidi. Jumamosi nitakwenda kwa baba yako. Nimeshafua sketi ndefu. Nitapiga goti mlangoni nimweleze yote mwenyewe, nimtaje na Tata Sindile, na kama atanifukuza nitatoka. Kisha nitamwambia baba yangu, na hapo Mungu anisaidie. Baada ya hapo lazima nirudi Rhini. Sijui wanachinja nini, sijui wanamwaga nini, sijui jina la mtoto yule linavuliwaje au kama linavuliwa. Hayo watasema wao. Ila siwezi kwenda peke yangu. Ulimi huu hawatauamini tena, na wana haki. Panapotakiwa kusimama binti wa kweli wa Tolo ni wewe. Sikuombi unisamehe kwanza. Nakuomba uje, ukae upande wao, wala si wangu, uniangalie ninapoongea ili nisiongeze hata neno moja. Ukikataa nitaelewa. Nimekula kilichokuwa chako.

Ya kituoni ni hii. Tulishuka mlima. Mguu wangu ukateleza, akanyoosha mkono kunidaka, akausimamisha hewani, kisha akanishika, juu kidogo ya kiwiko, kama unavyomshika bibi anavuka barabara. Chini kabisa akanivua begi akalibeba yeye, lake mgongoni, langu kifuani. Kwenye gari la Gqeberha ilibaki nafasi moja. Sijui kama ilikuwa bahati au alilichagua makusudi. Alinifungulia mlango, akaniwekea begi miguuni, akaniwekea na mkate juu yake. Dereva akamtania kwamba shemeji unamwachaje mke mzuri hivi asafiri peke yake, wengine tutamchukua. Watu wakacheka. Monde naye akacheka kidogo, kwa adabu. Akamwambia, "Hapana, bwana. Ni dada yangu. Nakuomba umshushe Njoli, usimwache njiani."

Akaniambia, "Fika salama, dada." Akafunga mlango.

Mama mmoja niliyekaa naye alimtazama kwenye kioo mpaka tukakata kona. Akaniambia nina bahati, siku hizi kaka mwenye malezi kama yule ni wa kutafuta kwa tochi, wa kwake hata sukari hawamletei. Akaniuliza ni wa baba mmoja mama mmoja? Nikamwambia ndiyo, mama, ni kaka yangu. Akasema inaonekana, mnafanana.

Nisalimie wenzako wa wodini, na bibi yule mwambie Martha anamsalimu. Funga kifua chako vizuri ukitoka zamu ya usiku. Mama anakusalimu, hajui ninaandika nini, anadhani naomba kazi. Utakapoweza, nipigie. Safari hii nitapokea.

Ni mimi,
Phumeza, binti wa Radebe